Kiswahili Kinakuja Mwezi Ujao

Nilimdanganya mteja. Nilijua kwamba kitu alichokuwa anakitafuta hakimo ndani ya simu niliyokuwa nimemshikisha mkononi, nikamwambia kinakuja mwezi ujao, akanilipa. Nayaandika haya kwa jina la kazi yangu, kwa sababu sisi wauza simu wa Moshi tumeuzoea uongo wa namna hii mpaka hatuuiti tena uongo, na mimi nilikuwa hodari wake.

Duka letu lipo kwenye barabara inayotoka stendi ya mabasi kwenda sokoni. Wateja huniita Mangi, kama wanavyomwita karibu kila mwenye duka wa huku kwetu. Wanaokuja ni wauguzi wa hospitali ya KCMC, wanafunzi wa vyuo, wakulima wa Kibosho na Uru wakishauza kahawa, na ifikapo Desemba, watu wa Dar es Salaam wanaorudi nyumbani kula Krismasi na kumnunulia mama simu kubwa. Halafu kuna watu wa mlimani: wapagazi, wapishi, waongozaji. Hao hushuka na bahshishi mfukoni na simu ambazo betri zimechoshwa na baridi. Msimu ukiwa mzuri kwao, kwetu pia ni mzuri.

Mtu ninayemzungumzia ni mpagazi wa Marangu. Jina lake silitaji kwa kuwa aibu hii ni yangu, yeye haimhusu. Amebeba mizigo kwa miaka mingi njia ya Marangu na ya Machame. Kwa utaratibu wa mlima mpagazi habebi zaidi ya kilo 20, na yeye alikuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa siku pale kampuni inapokuwa ya watu waungwana. Miaka inakwenda, magoti yanalalamika, akataka kupanda cheo awe mhudumu wa chakula cha wageni, weita kama wanavyosema wenyewe. Mwongozaji wake alimwambia kazi anaiweza, ila lugha ndiyo inamkwamisha. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na maji ya moto. Na wageni wengi wanaokuja siku hizi, Wajerumani, Wapolandi, Wachina, Kiingereza chenyewe hawakijui vizuri.

Basi Novemba 2024 akapita nje ya duka letu akaliona bango.

Lilikuwa bango refu la kusimama, la simu mpya iliyokuwa imeingia sokoni. Lilionyesha kijana akiongea na mzee wa Kizungu, kila mmoja na simu yake, na juu yao maneno makubwa ya Kiswahili yaliyosema kwamba simu hii inatafsiri mazungumzo papo hapo. Chini kabisa, usawa wa goti, kulikuwa na herufi ndogo za kijivu: huduma zitatolewa kwa awamu, kutegemea nchi, lugha na modeli. Mbele ya herufi hizo nilikuwa nimeegesha kitundika-kava. Sikukiweka pale kwa makusudi ya kuficha. Nafasi ya duka ni finyu. Lakini nilishazisoma zile herufi, na baada ya kuzisoma sikukisogeza.

Aliniuliza maswali mawili, na yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu anayejua anachokitafuta. Kwanza, je, inajua Kiswahili? Pili, je, kule juu itafanya kazi?

La pili nililijibu kwa ukweli mtupu, na ukweli huo ndio ulionisaidia kuuza uongo. Nilimwambia kwamba Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, na Desemba mwaka huo huo ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Alilijua hilo kuliko mimi, kwa kuwa wenzake ndio waliokuwa huko. Akaitikia kwa kichwa. Nikaona ameshaniamini, na nikaitumia imani hiyo kulijibu lile swali la kwanza. Nikasema: "Kiswahili kinakuja kaka, mwezi ujao tu, kwenye apdeti."

Mwezi ujao niliutoa wapi? Wiki chache kabla ya hapo, mtu wa wakala alitukusanya wauzaji kwenye ukumbi wa hoteli mjini kutufundisha kuhusu simu hiyo. Mmoja wetu alimuuliza kuhusu Kiswahili. Akajibu kwamba kinategemewa. Hakutaja tarehe, wala hakutaja mwaka. Tarehe niliitunga mimi, pale kaunta, kwa sababu niliona mkono wake unataka kurudi mfukoni.

Aliichukua kwa mkopo: kianzio shilingi 250,000, kisha rejesho la 3,500 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla ni zaidi ya milioni moja na nusu, yaani zaidi ya siku 76 za kubeba mzigo wa mtu mwingine mgongoni akiupandisha Kilimanjaro. Kamisheni yangu ilikuwa shilingi 30,000. Naziandika tarakimu hizi mbili pamoja ili zionekane zilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kuliko hilo, na kwa muda mrefu sikutaka kulikiri hata moyoni. Siku ile alikuwa na simu yake ya zamani, kioo kimepasuka pembeni lakini inafanya kazi. Programu ya kutafsiri ya Google ina Kiswahili tangu 2009. Mwaka 2017 Google waliingiza Kiswahili kwenye lugha ambazo unaweza kuiambia simu kwa sauti nayo ikaandika. Unaweza hata kupakua Kiswahili ukiwa mjini, kikakutafsiria maandishi mahali pasipo na mtandao. Haifiki kwenye yale mazungumzo ya papo hapo ya bangoni, lakini mtu anayetaka kumuuliza mgeni kama kichwa kinamuuma au anataka chai ya tangawizi ingemtosha kwa kuanzia. Ni bure. Mimi mwenyewe naitumia kusoma ujumbe wa Wachina wanaotuuzia vifaa. Ningeweza kumwekea kwenye simu yake ileile, pale pale, kwa dakika chache, nikamwambia aende akajaribu msimu mmoja kwanza. Sikumwambia. Programu ya bure haina kamisheni.

Watu hudhani uongo wa dukani ni kusema jambo lisilokuwepo. Mara nyingi ni kunyamazia lililopo.

Mwisho wa mwaka alipanda na kundi la Wapolandi, njia ya Marangu. Alikuwa ameshamwambia mwongozaji kwamba sasa ana simu inayoongea, akapewa nafasi ya weita kwa majaribio. Habari za safari hiyo nilizipata kwake mwenyewe, amesimama mbele ya kaunta, na alinisimulia kwa utulivu ulionifanya nishindwe kumtazama. Horombo, saa ya chakula cha jioni, mgeni mmoja mama wa makamo alisukuma bakuli la supu akainamisha kichwa. Mwongozaji alikuwa kibanda kingine na mgonjwa mwingine. Kule juu mtu akikataa chakula hupuuzi; unataka kujua kichwa kinauma kiasi gani, ametapika, anaona sawasawa? Akaitoa simu, akaifungua ile sehemu ya kutafsiri, orodha ya lugha ikatokea. Akaishusha kwa kidole mpaka mwisho, akaipandisha. Kipolandi kilikuwepo. Iliyokosekana ilikuwa lugha yake yeye.

Akakimbia kumfuata mwongozaji. Mgeni akaangaliwa, akapumzishwa, kesho yake akateremka salama. Lakini wenzake walishamwona anamnyooshea mgonjwa simu ambayo haikusema neno. Safari iliyofuata alirudishwa kwenye mzigo.

Kuna na hili. Siku zile alizokuwa juu hakulipa marejesho. Alipofika getini Marangu simu ilikuwa imejifunga, kioo kizima ni maandishi ya kumtaka alipe. Mikopo hii ndivyo ilivyo, na masharti hayo nilimsomea. Hapo sikumficha kitu. Ila fikiria: deni linajua tarehe yake kwa siku na saa, na huduma iliyomfanya akope haina tarehe. Yeye akichelewa siku mbili anafungiwa simu. Sisi tukichelewa mwaka tunamwambia asubiri apdeti.

Alipokuja dukani Januari alisema, "Mangi, ile ya Kiswahili haijafika." Hakuwa na hasira. Alidhani amekosea yeye, kuna mahali hajabonyeza. Hapo nilipata nafasi safi ya kusema kweli, nami nikamwambia, "Hujaapdeti, kaka." Nikamwambia anunue bando, maana apdeti ilikuwa kubwa. Akanunua kwa pesa yake. Tukakaa tunaitazama ikipakua, nikampa na kiti. Ilipomaliza, yakatokea maelezo kwa Kiingereza ya mambo yaliyoongezwa: usalama wa simu, kamera, kurekebisha kasoro za betri. Hapakuwa na kutafsiri, hapakuwa na lugha mpya yoyote. Alikuwa ameinama ananiangalizia begani, akijaribu kusoma. Nikayasogeza haraka kwa kidole gumba, maneno yakapita mbio, nikabonyeza pa kukubali. Nikasema imeingia sehemu, sehemu nyingine mwezi ujao.

Uongo wa Novemba nilikuwa nikijitetea kwamba ni matumaini ya muuzaji. Kwa ule wa Januari sikuwa na utetezi. Niliyaona maandishi, nikayakimbiza ili yeye asiyaone.

Nilivyoamka ni kwa njia ya ajabu kidogo. Kazi yangu inanilazimu kufuatilia habari za simu za dunia nzima, na mwaka ule habari kubwa ilikuwa ya Apple. Juni 2024 walitangaza akili mnemba yao waliyoiita Apple Intelligence. Simu za iPhone 16 zikaingia madukani Septemba 20, zikinadiwa kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya akili hiyo, lakini aliyeinunua siku ya kwanza hakuikuta ndani. Sehemu za mwanzo zilianza kutolewa Oktoba 28, tena kwa Kiingereza cha Marekani. Na ile iliyokuwa inatamaniwa kuliko zote, Siri mpya, msaidizi wa sauti anayemjua mwenye simu na kumkumbusha mambo yake, walikuwa wameitengenezea tangazo la runinga na mwigizaji Bella Ramsey. Machi 7, 2025, wakatoa taarifa kwamba itachukua muda mrefu kuliko walivyofikiri. Tangazo likaondolewa. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshtakiwa kwenye mahakama ya shirikisho kule San Jose, California, na wanunuzi waliodai kwamba waliuziwa kitu ambacho hakipo. Aprili, chombo cha Marekani kinachopitia matangazo ya biashara, National Advertising Division, kikawashauri warekebishe au waache maneno ya kwamba huduma hizo zinapatikana sasa.

Simu niliyomuuzia yule ndugu haikuwa ya kampuni hiyo, wala simtupii mtu mwingine mzigo wangu. Ila niliposoma zile hoja za wanunuzi, nilikuta maneno yangu. Walisema walilipa zaidi kwa ajili ya kitu walichoahidiwa, na kwamba wangejua ukweli wasingenunua au wangelipa kidogo. Nikamwona mtu wangu wa Marangu. Kampuni yenye fedha kuliko nchi nyingi za dunia ilikuwa imejitokeza hadharani kusema tumechelewa. Mimi, mwenye meza moja ya kioo mjini Moshi, nilikuwa sijamwambia mtu mmoja.

Nimejiuliza kwa nini mchezo huu umekuwa rahisi hivi. Zamani simu ilikuwa kitu kilichokamilika. Ukiitoa kwenye boksi, kilichomo kimo. Siku hizi kioo na chuma vinatoka kiwandani vimekwisha, ila sehemu kubwa ya kazi ya simu ni programu, na programu inaweza kufuata baadaye kwa intaneti. Kwa hiyo boksi linafungwa na kuuzwa huku mafundi bado wanafanya kazi. Kampuni zinatoa simu mpya kila mwaka kwa majira yale yale, mshindani yuko mlango wa pili, na kamera na betri za mwaka huu hazina tofauti ya maana na za mwaka jana. Kinachobaki cha kunadi ni ahadi.

Na katika ahadi hizo, lugha yetu hukaa nyuma ya foleni. Samsung walipozindua Galaxy S24 Januari 2024, kutafsiri simu papo hapo kulianza na lugha 13. Kithai kilikuwemo, Kipolandi kilikuwemo, Kivietinamu kilikuwemo. Kiswahili, ambacho UNESCO wamekitengea siku yake, Julai 7, hakikuwemo. Kuifundisha mashine lugha kunahitaji sauti za watu wengi: wa Unguja, wa Mombasa, wa Lubumbashi, na sisi wa Moshi wenye lafudhi yetu inayojulikana. Kuna waliojitolea kuzikusanya. Mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipata ufadhili mwaka 2021 kwa ajili ya Kiswahili hasa, watu wakasoma sentensi mbele ya simu zao bila kulipwa. Lakini kampuni huanza na masoko yenye pesa. Siwezi kuwazuia. Ninachoweza ni kutosema kimefika wakati hakijafika. Bango lililoandikwa kwa Kiswahili safi, likinadi huduma isiyojua Kiswahili, lilipaswa kunishtua mimi wa kwanza kabla halijamvuta mteja.

Nimesoma na sheria pia, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku nilipofungua duka. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ile iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, inakataza katika biashara mwenendo unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na inakataza kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Maneno hayo ya "unaoelekea kupotosha" yalinikaa. Maana yake huwezi kusema sikukusudia. Sisi wauza simu tunapoisikia FCC tunafikiria simu feki tu. Tunakumbuka Juni 16, 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walipozima simu bandia nchi nzima. Tangu hapo kila mtu anajua kubonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090 kuhakiki. Hofu ile ilitusaidia, lakini ilitufundisha nusu ya somo. Tukaamini kwamba simu ikiwa halisi na uuzaji wake ni halali. Ile ya mpagazi ilikuwa halisi. Namba zake ukizituma leo zitakubali. Feki yalikuwa maneno yangu.

Mkungu wa ndizi pale soko la Mbuyuni mtu anauinua, anauangalia chane kwa chane, ndipo analipa. Hakuna anayelipia ndizi ambazo mgomba utazaa. Wateja wangu wanajua hivyo kwa ndizi. Kwa simu wanatuachia sisi tuwaangalizie, kwa sababu maandishi ni ya Kiingereza na herufi ni ndogo. Imani hiyo ndiyo niliyoichezea.

Masika ilipoanza na mlima ukapoa, nilipanda Marangu kwake. Nilikwenda kwa mila, na jani la isale mkononi, kama wanavyofanya watu wetu mtu anapokuwa na kosa la kuombea msamaha. Nyumbani kwao nilimkuta yeye na baba yake mkubwa, wamekaa chini ya migomba. Nikaamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikatoa isale, nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa: bango, mwezi ujao, bando, kidole gumba. Yule kaka alikuwa kimya. Mzee akalipokea jani, akaliweka pembeni, akaniambia kwamba kwa isale wamenisikia na hawatakuwa na kinyongo nami. Kisha akauliza, "Na hela ya mtoto?" Isale huomba msamaha, deni hulipwa kwa pesa. Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi na bahasha nyembamba. Tulikaa tukahesabu.

Makubaliano yalikuwa hivi. Yeye anabaki na simu, kwa kuwa kuirudisha kungempotezea kianzio na yale aliyokwisha lipa. Marejesho yaliyobaki nayabeba mimi. Pesa ya bando alilonunua Januari nilimrudishia siku ile ile. Na ile programu ya bure nilimwekea mbele ya mzee, tukapakua Kiswahili kikakaa ndani, akaandika "kichwa kinauma?" na Kipolandi kikatokea. Akanitazama. Akauliza kama hii ilikuwepo tangu Novemba. Nikasema ndiyo. Swali hilo lilikuwa gumu kulijibu kuliko yote niliyoulizwa siku ile, na jibu lake lilikuwa neno moja.

Siku hizi nafanya mauzo kwa namna nyingine, na nimepoteza wateja kwa ajili yake. Mtu akiuliza simu ina kitu fulani, tunakifungua pale pale tukijaribu kwa lugha yake. Kikikataa, nasema hakimo. Akisema ameona kwenye tangazo kwamba kinakuja, namwambia anunue kwa kilichomo leo, na kama hicho cha kesho ndicho anachokitaka, asubiri kesho. Juu ya risiti naandika kwa kalamu kilichojaribiwa kikafanya kazi. Wapo wanaoondoka wakaenda duka la jirani, ambako wanaambiwa mwezi ujao. Siwalaumu jirani zangu kwa sauti kubwa. Nawajua, na najua kodi ya fremu inavyowakaba. Lakini nawaomba, hasa nyinyi vijana mnaoanza: mkiulizwa tarehe na hamna tarehe, semeni hamna.

Mpagazi yule hakuwa peke yake. Desemba ile ya 2024 bango lilisimama mlangoni mwetu, na watu waliorudi nyumbani Krismasi waliwanunulia wazazi wao simu zile zile, na wengi niliwapa jibu lile lile. Wengine ni wa Machame, wengine Rombo, wengine Mwika. Wengine mlipanda mabasi kurudi Dar mkaacha simu mikononi mwa mama anayesubiri hadi leo Kiswahili kiingie. Kama niliwauzia simu kwa maneno hayo, njooni dukani na boksi na risiti, au mtumeni mtu. Duka ni lile lile, mimi ni yule yule. Pesa yote sitaweza kuirudisha kwa mkupuo, hilo nalisema mapema msije mkasafiri kwa matumaini ambayo sina. Lakini kila mmoja tutakaa tuhesabu.

Bango nimeliondoa.